Sauti ya Doto na Hodi ya Kompyuta

Juzi Jumamosi pacha wangu Doto alinitembelea hapa Buhongwa. Alitokea Ukerewe kwa mwanawe, na kapu la sato wa kukaushwa na mdomo wake uleule. Hatukuwa tumeonana tangu mavuno ya mwaka juzi. Tukala, tukanyoosha miguu kwenye mkeka sebuleni, kila mmoja akimwambia mwenzake kazeeka. Mjukuu wangu Neema, ambaye ni mwalimu, alikuwa kwenye kochi na kompyuta yake mapajani anaandaa mtihani wa wanafunzi. Mara akasonya, akasema, "Hii nayo! Inataka kuapdeti tena." Kabla sijafungua mdomo, Doto akapiga mkeka kofi, akasema kwa ile sauti yake ya jembe linalokwaruza kokoto, "Neema, mwondoe bibi yako hapo! Mfunge mikono kabisa!" Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Neema akatutazama kama watu waliolewa mchana. Ikabidi tumsimulie, huyu anadakia, yule anakatiza. Lakini Doto akisimulia anaruka mambo, tena anaruka yale mazuri yanayonihusu mimi, kwa hiyo nayaweka hapa mwenyewe, yote.

Habari za baba na mama, na tulizaliwa wapi na nani alitushika kwanza, siziweki. Hizo kila mtu anazo. Jueni tu kwamba mimi Kulwa ndiye niliyetangulia kutoka, na kwamba Mungu alipogawa sauti, yote alimpa aliyekuja nyuma. Mimi nikiimba mbuzi wananiitikia. Doto akiimba, watu wanasimamisha majembe.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimeshapita hamsini. Nilikuwa nafanya kazi studio, nyuma ya stendi ya Buzuruga. Msifikirie jengo la vioo. Kilikuwa chumba kimoja, na ukutani kote, mpaka darini, zimegongelewa trei za mayai, zile za makaratasi, ili sauti isirudi. Siku ya kwanza nilipoingia nikauliza kuku wako wapi. Katikati palisimama maiki, na mbele yake soksi ndefu ya kike imetandazwa kwenye waya wa duara, ili mwimbaji akitamka "p" asiipulize. Pembeni kulikuwa na meza, kompyuta, spika mbili, na boksi la sauti, kidude cha bati chenye taa tatu za kijani. Maiki inaingia kwenye boksi, boksi linaipeleka sauti kwenye kompyuta, na kompyuta inaihifadhi kwenye kidude kingine kidogo cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, chenye mkia wa waya. Hicho wanakiita eksteno. Fundi Mabula, mwenye studio, aliniambia, "Mama, nyimbo zote za watu zinalala humo. Kompyuta ni sebule, eksteno ndiyo ghala." Mabula alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, ana mke na watoto wawili, mpole, kazi yake kubwa kuomba watu wanyamaze. Kazi yangu mimi kufagia, kupangusa vumbi na kupikia kwaya. Maana kwaya zilitoka mbali, Magu huko, Misungwi, Sengerema, watu ishirini na ngoma zao, na huwezi kuimbisha watu wenye njaa.

Ile jamani ilikuwa kazi ya raha. Jiko langu lilikuwa uani, chini ya bati. Asubuhi chai ya tangawizi na michembe ya kuchemsha, ile ya viazi vitamu vilivyokaushwa. Mchana ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama kidogo, dagaa wa karanga, na mlenda. Ila dagaa wa karanga ni baada ya kuimba, maana karanga inanata kooni. Niliwahi kuwapa kwaya moja kabla, wakaimba "Bwana" mara nne wakikohoa mara nne, Mabula akatoka nje akanitazama tu. Nikipika huku nasikia kila kitu. Nilisikia wachumba wakigombana kati ya ubeti na ubeti. Nilisikia mchungaji mmoja akimwambia mpiga kinanda, "Wewe piga kama mtu aliyeokoka, hapo unapiga kama wa baa," na mpiga kinanda akamjibu, "Mchungaji, si ndiko nilikojifunzia?" Na juu ya yote hayo zilipenya kelele za stendi, wapiga debe wakiita "Magu, Magu, Bunda, Musoma!" Trei za mayai hazikuwaweza wale. Mabula anainua mkono, kila mtu kimya, basi linaondoka, tunaanza upya.

Sasa Doto. Mwaka huo ule uvimbe wake wa shingoni, goita, ulikuwa umekua mpaka akimeza mate anafumba macho. Tulikwenda hospitali kubwa, daktari akasema inatolewa. Akasema pia, bila kuficha, kwamba mishipa ya sauti iko jirani sana na pale atakapokata. "Sauti inaweza kubaki hivyo hivyo, mama, na inaweza kubadilika. Siwezi kukuahidi." Mimi nikaanza kulia. Doto hakulia. Alimuuliza, "Daktari, unaweza kunipa wiki mbili?" Daktari akauliza za nini. Akasema, "Nikaiweke mahali."

Akaja kuiweka Buzuruga. Mabula alimpokea, akampa siku tatu nzima. Doto hakutaka kuimba nyimbo za kwaya peke yake, alitaka pia nyimbo zetu za kulima, zile ambazo kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kinaimba shambani, tumejipanga mstari majembe yakishuka pamoja. Kulikuwa na mmoja ambao Doto aliutunga mwenyewe mwaka wa jua kali. Anaanza yeye, "Nani kabisha?" Sisi tunaitikia, "Ni mvua kabisha." "Kabisha mara ngapi?" "Kabisha mara tatu." "Mfungulie, mama, mahindi yana kiu!" Na hapo jembe linashuka. Doto alisimama mbele ya ile soksi, kaivika shingo yake mtandio wa bluu, akafumba macho. Mimi nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Alipofika "mfungulie, mama", Mabula alivua vile vidude vya masikioni akavishika tu, anasikiliza kwa masikio yake mwenyewe. Kisha mpiga debe akapiga "Bunda, Musoma!" palepale katikati. Mabula akataka kurudia. Doto akasema, "Muache naye. Naye ana riziki yake." Ukabaki hivyo.

Siku ya nne Doto akalazwa. Nikamsindikiza mpaka mlango ule ambao ndugu hawapiti. Akanishika mkono, akasema, "Kulwa, nimeiacha kwako. Ndani huku waache wakate." Niliitikia kwa kichwa kama mbuzi.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Wiki hiyo yote kompyuta ya studio ilikuwa na neno. Kila asubuhi Mabula akiiwasha, panatokea kidirisha katikati, maneno ya Kiingereza, na chini vitufe viwili, kimoja cha bluu kinang'aa, kingine cha kijivu. Mabula anabonyeza cha kijivu, "baadaye, baadaye," kidirisha kinaondoka. Kesho kinarudi. Siku moja nilimuuliza, "Mwanangu, huyu anataka nini?" Akasema, "Ni mfumo mpya, mama, unataka kuingia." Basi. Hakuniambia zaidi na mimi sikuuliza zaidi. Lakini moyoni halikunikaa vizuri. Mtu anabisha hodi kwako, kwa adabu, hapigi mlango teke, na wewe unamwambia baadaye, baadaye, kila siku? Sisi tulilelewa kwamba hodi ni tatu. Ya kwanza unajifunga kanga, ya pili unafunika chungu, ya tatu unasema karibu. Mgeni aliyebisha tatu akaondoka bila kujibiwa, anaondoka na kitu chako, hujui ni mvua, hujui ni nini.

Ile siku Doto anapasuliwa, Mabula alikuwa amekwenda Kisesa kutazama ngoma za kwaya moja. Aliacha kompyuta imewashwa na ile modemu ya intaneti imechomekwa. Mimi nikafagia, nikapangusa spika, nikapangusa boksi, moyo wangu wote uko hospitali, nasali huku napangusa. Nikafika kwenye kompyuta, nikagusa mausi kwa kitambaa, kioo kikawaka. Na yule mgeni yupo pale katikati. Nikamtazama. Nikajiambia, Kulwa, leo ndugu yako yuko mlangoni pa watu, anategemea kufunguliwa. Wewe utamfukuza mgeni siku kama ya leo? Nikashika mausi kama nilivyokuwa nikimwona Mabula akishika. Nikakisogeza kile kimshale, kikakimbilia dirishani, kikakimbilia darini, mwisho nikakifikisha kwenye bluu. Nikasema kwa sauti, "Karibu." Nikabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Kisha vikaja vidoti vinazunguka na namba zinapanda. Namba nazijua, darasa la tatu nililimaliza. Tatu. Saba. Kumi na moja. Nikavuta kigoda nikakaa nayo kama ninavyokaa na mzazi mwenye uchungu. Ikizima naishika mgongoni, ikiwaka nasema asante. Niliomba hata umeme usikatike, fikirieni, nilikuwa naombea balaa langu lifike salama! Ilipofika mia ikafunguka na picha mpya nzuri ya milima, rangi za kupendeza, na mimi nikafurahi kabisa, nikaona ni dalili njema. Nikaenda kubandika chai.

Simu ya hospitali ikaja kwanza. Doto katoka salama. Nikacheza peke yangu pale uani mpaka jirani akachungulia. Mabula akarudi, nikamwambia habari, naye akafurahi, akaingia ndani. Halafu nikasikia, "Mama?" Nikaingia. Akauliza polepole, "Mama, uliigusa?"

"Imebisha wiki nzima, mwanangu. Nimeikaribisha."

Alinitazama. Niliona hasira inapanda, ikafika shingoni, ikakosa njia. Akakaa juu ya ndoo. Zile taa tatu za boksi la sauti zilikuwa zimezimika. Akalichomoa, akalichomeka, wapi. Spika zikatoa sauti kama dagaa wanaokaangwa. Akanieleza kwamba kila kifaa kina mtu wake ndani ya kompyuta anayekitafsiria, na yule wa boksi letu ni wa zamani, huu mfumo mpya haumtambui, umemtoa nje. "Sasa boksi linaongea, hakuna anayelielewa." Nikasema hilo si kubwa, muhimu Doto tumeshamrekodi. Akasema, "Ndiyo, yeye yuko kwenye eksteno." Akauchomeka ule mkia. Kompyuta ikafikiri. Kikatoka kidirisha kingine.

Mabula akakisoma, akaondoa mkono wake kwenye mausi kana kwamba imemwunguza. "Inasema haiijui hii eksteno. Inataka kuifomati."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kuifagia, mama. Kila kilichomo. Iwe mpya." Akaufunga ule mkono kwapani. "Usiiguse. Mtu yeyote asiiguse."

Nakala nyingine alikuwa hajatoa. Alipanga kutoa wiki ile. Sikumlaumu, na mimi nilipanga mengi maishani.

Kesho yake nikaenda kumwona Doto na uji kwenye chupa ya chai. Shingo imefungwa bendeji nyeupe, wamemkataza kusema hata neno. Wodi ilikuwa imejaa wanawake wanasimuliana magonjwa kwa furaha kama watu wa sokoni. Doto akanikonyeza. Akagusa koo lake, akanyoosha kidole kunielekea, akainua mabega: ipo? Nikasema, "Ipo salama. Imelala." Akafumba macho, akatulia. Jamani, mimi na yeye tumegombana, tumepigana, tumenyimana nguo, lakini kudanganyana kwa jambo kubwa, ile ilikuwa mara ya kwanza. Niliuosha ule mfuniko wa chupa mara tatu, ili nisimtazame.

Siku mbili Mabula alihangaika na ile eksteno. Alikwenda kwa rafiki zake wote wenye kompyuta pale Buzuruga, na kila aliyemfikia, yule mgeni alikuwa ameshamfikia. Wote walishaingia mfumo mpya, wengine kwa kupenda, wengine walilala wakaamka wakaukuta umeingia wenyewe. Na zote zilisema lilelile: tufagie?

Siku ya tatu mchana ndipo akaja Mzee Tungaraza. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kwaya moja, karani mstaafu, suruali ina pindo kali la kukata nyanya. Nyimbo za kwaya yake zilikuwa humo humo kwenye eksteno, na Pasaka inakaribia. Mabula alikuwa ametoka barabarani anaongea na simu, anatafuta fundi mwingine, na eksteno kaiacha imechomekwa, kile kidirisha kimesimama kinasubiri. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba. Kazi yetu imefikia wapi?" Nikamweleza kwamba kuna shida. Akavaa miwani, akainama kwenye kioo, akasoma Kiingereza chake chote kwa sauti.

"Mbona ni jambo dogo! Inasema lazima ifomatiwe ndipo itumike. Lazima, mama, maana yake lazima." Akavuta kiti.

"Mzee, fundi amekataza."

"Kwani fundi anaogopa kusoma? Mimi barua za serikali nimesoma miaka thelathini. Ukiulizwa, unajibu."

"Mzee, usijibu."

"Sasa wewe mpishi utanifundisha ofisi?" Na mkono ukaenda kwenye mausi.

Nilikuwa nimetoka kusonga ugali. Mwiko ulikuwa mkononi, una moto na umejaa unga. Nikauweka juu ya mkono wake. Sikumpiga, Mungu ananiona, niliuweka tu, ila ulikuwa na moto. Akaruka, "Wewe mwanamke!" Nikasimama kati yake na kompyuta. Nikamwambia, "Mzee, nisamehe, nitapiga magoti baadaye. Hodi ya kwanza niliipokea mimi na angalia ilivyotufanya. Hii ya pili haingii mtu." Mabula akarudi mbio aliposikia kelele, akatukuta mzee anafuta ugali kwenye pindo la shati, na mimi nimeusimamisha mwiko mbele ya kioo kama askari. Akaichomoa eksteno kwanza, ndipo akauliza kulikoni. Alipomweleza mzee kwamba na nyimbo za kwaya yake zingefagiwa zote, Mzee Tungaraza akaniomba maji ya kunywa, akasema, "Mama, huo ugali umebaki?" Nikampakulia. Alikula, kisha akasema kwamba mwiko ule uandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Ni pale, nikimtazama anatafuna, nikamkumbuka Mama Chausiku. Huyu ana kiduka cha kutoa kopi Nyakato, karibu na viwanda, anachapa ratiba za misiba na kadi za harusi. Nilikuwa nimepita kwake kutoa kopi za karatasi za hospitali za Doto, na nikaona kompyuta yake, ile ya zamani ya kichogo, kisogo kirefu kama mtu wa heshima, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikamwuliza Mabula, "Ile ya kichogo, huyu mgeni anaifikia?" Akaniuliza kama ina intaneti. Nikasema, "Yule hata redio anaisikia kwa jirani." Mabula akasimama.

Alitaka kuitia eksteno mfukoni. Nikakataa. Nikaiviringisha kwenye kitambaa, nikaifunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, tukapanda bodaboda, mimi nyuma ya Mabula. Dereva akaniuliza mtoto ana miezi mingapi. Nikamwambia, "Ana miaka hamsini na tatu, na ukipiga shimo utanitambua."

Mama Chausiku alitupokea vizuri lakini kwa majivuno, na haki yake. "Leo mnaitaka kompyuta yangu! Kila siku mnanicheka, mnasema ni ya enzi za mkoloni." Nikamwambia, "Shoga, leo ndiyo malkia." Akakunja kitambaa chake taratibu, makusudi tusubiri. Mashine ikaanza kuunguruma kama ya kusaga. Mabula akauchomeka mkia. Mimi sikutazama kioo, nilitazama ukuta, pale alipobandika kalenda ya samaki. Nilisema moyoni, Bwana, mimi ndiye niliyefungua, usimwadhibu mwenzangu.

Kisha nikasikia, hafifu, kwenye vispika vya Mama Chausiku vya ukubwa wa vikombe, "Bunda, Musoma!"

Mpiga debe! Mungu ambariki popote alipo! Na nyuma yake, wazi kama maji ya asubuhi, "Mfungulie, mama, mahindi yana kiu." Nilikaa chini sakafuni, juu ya makaratasi ya watu. Mama Chausiku akauliza, "Ni nani huyu anayeimba hivi?" Nikasema, "Ni mimi. Ni nusu yangu ile nzuri." Wateja wawili waliokuja kutoa kopi za vyeti wakasahau vyeti vyao. Tuliusikiliza wote, halafu tukausikiliza tena, ndipo Mabula akaanza kutoa nakala.

Ndipo nami nikajifunza. Nilimwambia Mabula, "Hapa sitoki mpaka unifundishe kutoa nakala mwenyewe." Akanifundisha. Shika, buruta, subiri, hakikisha imefika. Mbegu huiweki ghala moja, kila mkulima anajua hilo, nilishangaa wasomi hawajui. Nilitoa nakala kwenye flashi sita. Moja kwa Mama Chausiku, moja kanisani, moja kwa Mzee Tungaraza aliyeniomba mwenyewe, moja Ukerewe, moja kwa Mabula, na moja niliizika kwenye debe la unga wa muhogo, nikaja kuikuta miaka baadaye, nikaipuliza, ikafunguka. Mabula naye aliirudisha kompyuta ya studio kwenye mfumo wake wa zamani, ilimchukua siku tatu, zile taa za kijani zikawaka zote, na ile modemu akaichomoa moja kwa moja. Mwaka ule wote, kabla kwaya haijaondoka, ni mimi niliyekuwa natoa nakala. Walinipa jina, Mama Kopi. Mtu wa darasa la tatu! Nilikuwa nikitembea pale stendi kama nimechaguliwa diwani.

Doto alitoka hospitali baada ya wiki. Akaja kukaa kwangu. Wakamruhusu kusema, na asubuhi ile ya kwanza nilimletea chai, tukatazamana, nikamsubiri. Akafungua mdomo akanisalimia, "Mwangaluka." Ilitoka hiyo ya kokoto. Tukainua vichwa wote wawili, kama watu waliosikia kitu kimeanguka chumba cha pili. Daktari alisema huenda itarudi kidogo. Ilirudi kidogo, ile mnayoisikia leo.

Nikawasha kispika, nikamwekea. Alisikiliza kasimama. Mwisho wake sikuweza tena, nikapiga magoti, nikamwambia yote, hodi, bluu, fagio, mwiko, Nyakato. Nikamwambia na ule uongo wa wodini. Doto akaninyanyua kwa sikio.

"Nilijua," akakwaruza. "Uliposema imelala, ulishika sikio. Tangu utoto ukidanganya unashika sikio."

"Ukajua, ukafumba macho ukalala?"

"Nilijua utaitafuta. Ungeipoteza kabisa, usingekuja na uji." Halafu akaniuliza, "Ule ubeti wa pili, mbona nimeuvuta sana? Ningeurudia." Nikamwambia, "Kaurudie na nani, na koo hilo?" Tukaanza kucheka, yeye kacheka bila sauti, mabega tu yanaruka, na mimi nimecheka kwa wote wawili.

Lakini hakuwa anatania. Alirudi Buzuruga, akasimama tena mbele ya ile soksi. Hakuurudia. Alimwambia Mabula aweke wimbo uleule, na pale tulipokuwa tunaitikia kikundi kizima, aitikie yeye, kwa sauti yake mpya. Wa kwanza anauliza laini, wa pili anajibu kokoto. Mabula alitoka ana kamasi.

Basi Jumamosi hiyo, tulipomaliza kumsimulia Neema, akaenda chumbani kwangu akaleta ile flashi ya unga, akaichomeka kwenye kompyuta yake ya kisasa. Mimi nilishika moyo. Ikafunguka. Sebule yangu ya Buhongwa ikajaa stendi ya Buzuruga, basi linanguruma, halafu Doto wa mwaka ule akauliza, "Nani kabisha?" Na Doto wa kwenye mkeka, mdomo umejaa sato, akameza haraka asichelewe, akainua kidole, akaitikia mahali pake.